Mulongo Uliojificha Ndani ya Antene

Siku ya Mungu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Yaya Kahindo, nakusalimia sana. Nasalimia shemeji Paluku, mutuambie kama kidonda cha mguu wake kimekauka. Nasalimia Mbambu na bwana yake, nasalimia Ézéchiel na masomo yake, na mutoto wa Mbambu ambaye bado sijamubeba. Nasalimia koko, mumusemeshe kwa sikio la kuume asikie jina langu. Huku Munigi tuko wote. Bwana yangu Édouard yuko, anakohoa lakini sahani hairudi na kitu. Vanessa yuko, meno mawili ya mbele yametoka na bado anataka kuimba ku kanisa. Mutoto wetu Rosine yuko, na ni juu yake njo nimenunua hii kaye ya kuandikia. Mimi Ernestine niko, na moyo wangu unaujua, haukai.

Telefone ya kwenu inakatika mbele hatujamaliza salamu, na barabara hakuna anayejua kesho yake. Basi nitaandika kidogo kidogo paka mvua zimalizike, kiisha nitafute mutu wa kukuletea. Usome polepole. Unajua niliachia masomo wapi.

Habari ni hii. Rosine amepata kazi ku kituo cha afya cha huku, kazi ya kuangalia koneksio, njia ya kupitisha sauti na picha. Wamemupa miezi mitatu ya kumujaribu, mwisho tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili. Ku Kanyaruchinya kituo kina nyumba ndogo ya kuzalisha wamama wakimbizi, haina dokta, iko na muzalishaji mumoja tu, anaitwa Dative. Kuzaa kukienda mubaya, Dative anaita Dokta Théogène wa huku kwa njia ya antene, dokta anamuambia mikono ifanye nini. Sasa ile sauti inakatika. Walishamuambia Rosine wazi: sauti ikiendelea kukatika, kazi itapewa Guylain, ule kijana wa mulinge mukubwa, wa kujiona, fundi waliyekuwa naye zamani kwa malipo ya siku.

Mimi nawaza kazi ya mutoto, kiisha nawaza ule mama anayelala pale, nasikia haya kwamba nilianza na kazi.

Siku ya pili, tarehe 8

Mvua. Robine ya maji, ile nakaa ku mulango wake kuilinda, ilifunguliwa saa tatu badala ya saa moja.

Siku ya tano, tarehe 11

Nimemuuliza Rosine hii rutere yake, kile kisanduku cha kugawanya koneksio, ni kitu gani. Akaniambia: "Mama, ni kama wewe ku robine. Vitu vinakuja vingi: sauti ya Dative, raporo za kazi, picha za wagonjwa, video za watu wa ofisi. Vyote vinataka kupita mulango mumoja wa rutere, viingie ku antene, viende Kanyaruchinya. Nimeandika sheria ku ule mulango. Sauti ipite mbele, raporo ifuate, video ingoje."

Nikamuambia hata sisi tumefanya vile. Komite ya maji imekubali wamama wenye mimba wapite mbele. Nyirakamana, ule jirani wa mudomo, akaniuliza mbele ya watu: "Na sisi wenye njaa, sheria yetu itakuja mwezi gani?" Ule mama sitamupenda hata tukikutana mbinguni.

Siku ya kwanza, tarehe 14

Sauti imekatika tena mara mbili. Sheria iko ku rutere, Rosine ameisoma mara kumi, hakuna kosa. Guylain alipita kumusalimia. "Sheria yako nzuri, dada. Uitundike ku ukuta."

Rosine hakula jioni.

Siku ya posho, tarehe 19

Leo nimepata haya. Yaya, wewe hujaona robine yetu, nikuelezee. Watu hawasimame ku mulongo wa kungojea, mabido, yale madumu ya maji, njo yanasimama. Mutu anapanga bido yake nyuma ya ingine, anaenda kupika, bido inamulindia nafasi, na hakuna mwizi anayethubutu kuisogeza. Robine iko ndani ya lupango, kiwanja kilichozungushwa mabati, na mimi nakaa ku mulango. Sababu sipendi robine ipumzike, naingizaga mabido makumi tatu ndani, yanajipanga hadi mbele ya maji.

Uwamariya amekuja, mimba ya miezi nane. Nikamupitisha ku mulango mbele ya watu wote, nikajisikia kama gavana. Kisha saa nzima natupa jicho ndani, namuona amekaa ku jiwe la volkano, bido yake iko ya makumi tatu na moja.

"Mama Ernestine," akasema bila kasirani, "umenipitisha mbele ya watu. Haukunipitisha mbele ya mabido."

Nilimutekea maji mimi mwenyewe. Lakini ile neno imebaki ndani ya shingo kama mwiba wa samaki.

Siku ya ine, tarehe 24

Mukubwa wa kituo amemuita Guylain asaidie. Guylain akasema ni rahisi: ku rutere vitu vinaanguka sababu mulongo ni mufupi, unachukua makumi ine tu, cha makumi ine na moja kinatupwa. Akaurefusha mulongo paka elfu moja. "Sasa hakuna kitu kitaanguka."

Na kweli, leo sauti haikukatika. Watu wakapiga mikono. Rosine hakupiga. Nikamuambia, mwanangu, usiwe na wivu. Akanijibu: "Mama, haikatike, lakini inachelewa." Nikaona ni maneno ya mutu ameshindwa. Mungu anisamehe.

Siku ya pili, tarehe 29

Yaya, hii uisome ukiwa umekaa.

Nilipelekea Rosine chakula saa sita. Ofisi yake iko karibu na ya Dokta Théogène. Dative akaita. Mama mumoja wa wakimbizi alikuwa amezaa, mutoto muzima, lakini kondo ya nyuma ilikuwa haijatoka na damu ilikuwa inaenda. Dokta aliweka sauti kubwa, tukasikia sote.

Dative akauliza: "Dokta, nivute kamba ya kitovu?"

Dokta akajibu palepale: "Hapana."

Lakini ile hapana ilikuwa njiani. Ilikuwa imepangwa nyuma ya video na picha ndani ya ule mulongo murefu wa Guylain. Dative hakusikia kitu, akangoja, akaogopa, akauliza ingine: "Basi nimupe sindano ya kusimamisha damu?"

Na kule kwake, yaya, hapana ikafika pale. Jibu la kwanza likaangukia ulizo la pili.

Dokta hakujua. Alikuwa anasema "ndiyo, ndiyo, sindano mara moja," na lile ndiyo nalo lilikuwa njiani. Kiisha tukasikia Dative: "Dokta anasema hapana?" anajiuliza mwenyewe, sauti ya mutu anayeongea na ukuta. Rosine alikuwa amesimama, akakimbia ku ukuta akachomoa kamba za ordinateri, kompyuta zote za ofisi, moja moja, watu wanamupigia kelele. Sauti ikasafishika kidogo kidogo. Lakini Dative alikuwa ameshakamata sindano. Alituambia baadaye: "Niliangalia damu, nikaangalia lile hapana, nikaamini damu."

Ule mama amepona. Wamemushusha mujini kwa gari, amepewa damu, anaongea. Dative ana miaka kumi na mbili ya kazi. Kama angekuwa na mwaka mumoja, angetii.

Mukubwa wa kituo amemuita Rosine: "Tarehe 20 haisogee. Na ukichomoa tena kamba za ofisi, hautafika hata ile tarehe." Kwa Guylain hawakusema kitu. Nilimuona Guylain ku kona, mukono ku mudomo. Nikafurahi kumuona vile. Kiisha sikufurahi tena.

Rosine amerudisha mulongo ku makumi ine. Sasa sauti itakatika kama zamani. Ni bora kukatika kuliko kudanganya, njo alisema.

Siku ya tano, tarehe 1 mwezi wa kumi na moja

Mvua. Édouard anakohoa.

Siku ya Mungu, tarehe 3

Tulikuwa tunakula fufu na sambaza. Nikaanza kuelezea habari ya Uwamariya na ile neno yake. Rosine akaacha tonge hewani.

"Mama. Ndani ya lupango kuna mabido ngapi?"

"Makumi tatu."

"Na sheria yako iko wapi?"

"Ku mulango, pale nakaa."

"Na ndani?"

"Ndani hakuna sheria. Bido iliyofika mbele inateka mbele."

"Na ku mulango, watu wanangoja?"

Nikafikiri. "Hapana. Mutu akifika naingiza. Wanangojea ndani."

Édouard akasema, "Mutoto ale kwanza." Rosine alikuwa ameshasimama. Akachukua mabakuli ya Vanessa, akayapanga ku meza, akanielezea, na nakuandikia vile nilielewa.

Kati ya rutere na antene kuna kamba ya cable, pana sana, inapitisha vipimo mia moja kwa sekunde. Lakini antene yenyewe inatupa ku hewa nane tu. Rutere inaangalia ile kamba pana, inaona njia iko wazi, inaachilia kila kitu. Ku mulango wake hakuna anayengoja hata mara moja, basi sheria haina mutu wa kuchagua. Vitu vyote vinaenda kujazana ndani ya antene, na antene haijui sauti, haijui video, inajua nani alifika mbele. Mulongo wa kweli ulikuwa umejificha kule. Na Guylain naye alirefusha ku rutere kwa vitu vyote pamoja, bila kutenga, na akagusa hata ule wa antene. Alipanua lupango.

"Sheria inatumika tu pale watu wanangojea," Rosine akasema. "Napaswa kurudisha kungoja ku mulango wangu."

"Utafanya je?"

"Nitaiambia rutere isiachilie nane. Iachilie saba. Antene itabaki na nafasi, haitapanga mulongo. Kila kinachobaki kitangoja kwangu, mbele ya macho yangu, na sauti nitaipitisha mimi."

Yaya, mimi nilifikiri juu ya mabido. Miaka ine nakaa ku ule mulango.

Siku ya kwanza, tarehe 4

Nimeingiza mabido mawili tu ndani. Moja chini ya robine, moja inangoja. Ingine yote inje.

Nyirakamana akaja na mudomo wake. "Lupango tupu, na sisi inje kama mbuzi. Umepanda cheo, mama Rosine?"

Nikamuambia: "Robine ni moja. Hesabu mwenyewe. Ikiwa makumi tatu ndani ao mbili ndani, maji hayaongezi mbio."

Akakaa, akahesabu kweli, kwa vidole, saa nzima, juu alitaka kunikamata. Akaondoka bila neno. Kwa Nyirakamana hii ni kama misa ya shukrani.

Siku ya tano, tarehe 8

Sauti ni safi. Leo mara tatu Dative ameita, na ofisi nzima iko ku video, na sauti haikugusika. Dokta Théogène akaja mwenyewe ku mulango wa Rosine: "Umefanya nini? Nasikia hata kuku za kule." Nilipika wali leo, hata kama si siku ya wali.

Siku ya tano, tarehe 15

Kuna mama mumoja amekuja amefunga kitenge ku tumbo, anatembea kama bata. Nyirakamana akamugusa tumbo: "Huyu mutoto ana pindo." Watu wamecheka paka bido zikaanguka. Nimemuelezea Rosine, akasema hata kwake wadanganyifu wako: mutu wa ofisi ameandikisha video zake kwa jina la sauti ili zipite mbele. Sasa rutere haiamini jina, inaangalia kinatoka ku telefone gani. Nyirakamana tumemuweka ku mulango aguse matumbo. Anafanya vizuri kuliko mimi.

Siku ya ine, tarehe 21

Nilijua furaha itaonewa wivu. Mvua ya leo haikuwa mvua, ilikuwa kitu kinamwagwa. Na sauti imekatika, mbaya kama mwanzo. Dative alikuwa anauliza juu ya mutoto mwenye homa, hakukuwa na hatari, lakini mukubwa wa kituo alikuwa pale pale amesimama, anasikiliza. Alifungua agenda, akaangalia tarehe, akafunga.

Rosine amerudi amelowa, amekaa ku kitanda bila kuvua viatu. "Sheria iko sawa, mama. Saba iko sawa. Sijui tena." Nilimuosha miguu kama wakati alikuwa mudogo.

Siku ya posho, tarehe 23

Nani amepiga hodi saa kumi, mvua inanyesha? Guylain, yaya. Nguo zimegandama ku mwili, ku mukono karatasi ndani ya sashe ya plastiki. Nilitaka kumuambia Rosine hayuko. Rosine akatokea nyuma yangu.

"Nimepanda ku paa," Guylain akasema. "Nimesoma namba za antene yenyewe, mvua ikiwa juu yake. Haitupe nane. Inatupa ine."

Rosine akachukua karatasi. Wakaangaliana wote wawili kama watu wamekumbuka jina moja wakati mumoja.

"Mimi naachilia saba," akasema Rosine.

"Na tatu zinaenda kulala ndani ya antene."

Nikaelewa hata mimi. Siku za mvua robine yenyewe inapungua nguvu, na sisi bado tunaingiza kwa kipimo cha jua.

Nilimupa chai. Akakamata kikombe kwa mikono miwili, akaniambia bila kuniangalia: "Mama, ule mulongo wa elfu moja, mimi njo niliuweka. Tangu ile siku nasikia lile hapana." Nikamuongezea sukari. Sikuona tena kijana wa mulinge, niliona mutoto wa mutu. Na nikakumbuka kwamba mimi pia nilimuambia Rosine ana wivu.

Siku ya kwanza, tarehe 25

Rosine ameweka tatu na nusu. Kipimo cha mvua mbaya, siku zote, hata jua likiwaka. Ofisi inalia, video zinatambaa. Mukubwa wa kituo akamuuliza: "Tuko na nane, unatupa tatu na nusu?" Rosine akajibu: "Muzee, siku dokta atahitajika, hatutachagua kama mvua inanyesha." Dokta Théogène akasema mutoto amesema vizuri.

Siku ya ine, tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili

Jua. Nalichukia. Nataka mvua ije tujue.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Jua.

Siku ya ine, tarehe 12

Imekuja.

Ilianza saa tano na mawe ya barafu, mabati ya kituo yanapiga kelele, wagonjwa wote na watu wa njia wameingia ndani, kila mutu na telefone yake. Na leo njo siku ya kutuma raporo na picha za mwezi. Nilikuwa ku korido na chakula cha Rosine, sikuweza kurudi. Guylain alikuwa ku ordinateri anaangalia namba. "Ine," akasema. "Tatu nukta nane. Ine."

Dative akaita. Kichwa kimetoka, mabega yamekataa kutoka. Dokta alikimbia, akaweka sauti kubwa, na yaya, mimi nilishika ukuta.

"Dokta, nivute?"

"Usivute. Watu wawili wakunje miguu yake, magoti paka ku kifua."

"Wamekunja."

Jibu lilikuja juu ya ulizo lake. Nilianza kuhesabu bila kutaka: anauliza, anajibiwa. Anauliza, anajibiwa. Hakuna neno lilipanda juu ya lingine. Mvua inapiga, mutu mumoja ku korido analalamika video yake imesimama, mwingine anamuambia anyamaze.

"Sukuma hapo juu ya kinena, si juu ya tumbo. Pale pale. Nguvu."

"Nasukuma. Haitoke."

"Tia mukono nyuma, tafuta ule mukono wa mutoto, uuvute polepole upite mbele ya kifua."

"Nimeupata. Dokta, nimeupata."

Kiisha kimya. Rosine akaangalia Guylain. Guylain akatikisa kichwa: si koneksio, ni Dative njo amenyamaza. Nilisikia pumzi za watu wa Kanyaruchinya, yaya, pumzi, na mvua ya kwao ikipiga mabati yao.

Mutoto akalia. Tulimusikia wakati mumoja na mama yake.

Dokta Théogène akakaa chini ku simenti na koti lake jeupe. Mukubwa wa kituo, ambaye alikuwa ametoka ofisini kuuliza juu gani raporo haiendi, alibaki na karatasi mukononi. "Raporo itangoja," akasema. Ni mukubwa mwenyewe alisema. Mutoto ni mwanamuke, muzima, kilo ine na nusu, jina wamemupa bado sijui.

Nilimupa Guylain nusu ya chakula cha Rosine. Walikula ku sahani moja, wanabishana juu ya namba.

Siku ya tano, tarehe 20

Rosine ametia sahihi. Si miezi mitatu tena, ni kazi ya kudumu. Guylain naye wamemuchukua kwa kupanda antene, ni Rosine aliomba. Édouard amevaa koti ya ndoa yetu kwenda kumungoja ku barabara, watu wakamuuliza nani ameoa.

Na kuna kubwa zaidi, yaya. Kituo kimoja cha kwenu Butembo kimesikia, kiko na antene ku kilima na shida ile ile. Wamemuomba Rosine mwezi mumoja, aende kuwatengenezea. Atazungukia Uganda, ataondoka tarehe 6 ya mwezi wa kwanza. Mutoto wangu anaitwa na watu hawajamuona. Naogopa barabara, naogopa baridi ya kule, na bado natembea hapa Munigi shingo juu kama nimezaa peke yangu.

Kaye hii inabebwa na mama wa Kanisa anayeondoka kesho asubuhi. Mbele ya yote unijibu haya, yaya, na usingoje kumaliza mavuno: kitanda alichoacha Mbambu kiko wazi kwa Rosine ao nitume matela ya kulalia? Na umuambie Ézéchiel akae mulangoni na aandike mvua ya kwenu, saa gani inaanza na saa gani inaacha, na ile kubwa kuliko zote aiwekee alama. Rosine amesema bila ile karatasi hatagusa kitu. Mutume jibu na mutu wa kwanza anayeshuka huku, hata kama ni neno moja, mimi nitakuwa ku barabara namuangalia.